Ruhusa ya Kubonyeza

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Ukimsimulia kijana wa leo habari hiyo anacheka, anadhani ni ushamba wa wazee. Haukuwa ushamba. Kompyuta ya kwanza, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na hadi marufuku inatoka zilikuwa zimefika saba nchi nzima. Hazina ilikuwa imehamishia hesabu za serikali kwenye mashine ya kampuni ya ICL, kazi ikaenda mrama, na waliojua kuiendesha walikuwa wageni. Juu ya hapo mafuta yalikuwa yamepanda bei kufuatia vita vya Mashariki ya Kati vya 1973, mvua zimegoma, na nchi inanunua chakula nje. Fedha za kigeni zilihesabiwa senti kwa senti. Aliyetaka kuleta kompyuta ilimbidi aombe kibali maalumu.

Mimi nikizisoma hoja za wakati ule, nyingi naziona zina mashiko. Ambaye hakuwamo kwenye hesabu ni mwanafunzi, na kwa kweli mwaka 1974 hakuwamo kwenye hesabu za nchi nyingi tu. Kompyuta ilikuwa kitu cha ukubwa wa kabati, inaishi kwenye chumba chake chenye kiyoyozi, na wanaoingia humo wanahesabika. Nani angewaza kumwita mtoto wa darasa la sita aje abonyeze?

Miaka saba baadaye kuna waliowaza hivyo, ila si huku.

Huku, mwaka 1981, nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya Kagera ikiwa hoi. Sukari na sabuni vilipangiwa foleni. Mwanafunzi wa sekondari alikokotoa kwa kitabu cha majedwali ya logi, na kwenye mtihani wa hisabati wa kidato cha nne kikokotoo kilikuwa mwiko. Mashine za maana shuleni zilikuwa mbili: taipureta ya karani, na saiklostaili iliyochapa mitihani kwa wino ambao harufu yake ilikufanya uumwe tumbo kabla hujaliona swali.

Uingereza mwaka huohuo, Shirika la Utangazaji la BBC lilikuwa linatafuta kompyuta. Mwaka 1978 lilikuwa limerusha filamu kuhusu chipu ndogo za kielektroniki na ajira zitakazomezwa nazo, wananchi wakashtuka, wakubwa wakaulizwa bungeni na magazetini watafanya nini. Shirika likaamua kuwafundisha watu kompyuta kwa vipindi vya televisheni, na vipindi hivyo viende na mashine ambayo mtazamaji anaweza kuinunua na kujaribu anachokiona kwenye kioo. Kampuni kadhaa zilijitokeza. Mojawapo ilikuwa ya vijana wa Cambridge, jina lake Acorn.

Kisa cha jinsi Acorn walivyoipata kazi ile wenyewe wamekisimulia mara nyingi. Mkuu wao mmoja, Hermann Hauser, aliwapigia simu wahandisi wawili, Steve Furber na Sophie Wilson, kila mmoja kwa wakati wake. Kila mmoja akaulizwa kama mashine inaweza kuundwa ndani ya wiki moja. Kila mmoja akakataa, kisha akaambiwa kwamba mwenzake ameshakubali. Wakaingia mtegoni wote wawili. Wakafanya kazi usiku na mchana, watu wa BBC wakitarajiwa Ijumaa asubuhi, na hadi alfajiri ya siku hiyo mashine ilikuwa bado imekufa. Hauser akashauri wakate waya uliokuwa unaiunganisha na mashine nyingine iliyotumika kuijaribu. Walipoukata, ikawaka. Wageni walipobisha hodi, Wilson alikuwa ameshapata la kuwaonyesha.

Mashine ikaitwa BBC Micro, ikaingia sokoni Desemba 1981 kwa pauni 235 ile ya bei nafuu na 335 ile ya bei ya juu, bei ambazo zilipandishwa muda si mrefu. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 16 kwa ile ndogo na 32 kwa kubwa. Picha moja ya harusi unayotumiwa leo kwenye WhatsApp haienei humo. Ilitarajiwa ziuzwe 12,000. Ziliuzwa kama milioni moja na nusu, na sehemu kubwa ya sababu ni shule: serikali ya Uingereza ilikubali kulipa nusu ya bei kwa kila shule ya sekondari inayonunua kompyuta, kisha ikafanya hivyo kwa shule za msingi.

Waingereza waliokuwa shuleni miaka ile, wakianza kukumbuka hawanyamazi. Wanakumbuka mlio mfupi ilipowashwa na safu ya vitufe vyekundu juu ya kibodi. Wanakumbuka kaseti za kawaida, zilezile za muziki, zikipiga kelele kwa dakika kadhaa wakati programu inaingia, na ikikosea unarudisha kaseti unaanza upya. Shule nyingi za msingi zilikuwa na kompyuta moja tu. Iliwekwa kwenye toroli, ikasukumwa kutoka darasa hadi darasa, na kila mtoto alijua siku ya zamu yake. Tusidhani, basi, kwamba wao walikuwa nazo kama mchanga.

Ila kuna jambo kwenye mashine ile ambalo kila nikilifikiria naliona ndilo lililobeba mengine yote. Ulipoiwasha haikukuonyesha picha wala orodha ya kuchagua. Ilijitaja jina, ikataja lugha yake ya programu, BASIC, ambayo toleo lake aliliandika Sophie Wilson, halafu ikaweka alama moja ndogo ikakaa kimya kukusubiri. Usipoiambia kitu haifanyi kitu. Ukiiambia upuuzi inajibu kwamba umekosea, na hakuna kilichoharibika. Programu ya kwanza ya watoto wengi ilikuwa ya mistari miwili: wa kwanza unaandika sentensi kwenye kioo, wa pili unairudisha mashine kwenye mstari wa kwanza. Basi hapo inaandika bila kukoma mpaka mtu aisimamishe. Vijana waliingia kwenye maduka ya vifaa vya umeme, wakaandika mistari hiyo kwenye kompyuta za maonyesho ikilitukana duka kwa jina, kisha wakatoka mbio. Walimu wa somo lile hawakutuma mtu kufanya hivyo, lakini somo lile lilikuwa limefaulu.

Nyuma ya wazo la kumwachia mtoto mashine aiamrishe mwenyewe alikuwapo mtu wa Afrika. Seymour Papert alizaliwa Pretoria mwaka 1928, akakulia Afrika Kusini na kuupinga ubaguzi wa rangi akiwa kijana, akaishia Massachusetts. Mwaka 1967 yeye na wenzake, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon, walibuni lugha ya Logo kwa ajili ya watoto. Baadaye ikapata kobe: roboti dogo la kutembea sakafuni likiwa na kalamu tumboni. Unaliambia liende mbele hatua 100, ligeuke nyuzi 90 kulia, lirudie mara nne. Likifuata, limechora mraba. Mtoto akikosea kobe anakwenda kugonga ukuta, naye anatazama amri zake kutafuta palipoharibika. Kwa Papert kosa lile ndilo somo lenyewe. Kobe wa aina hiyo walifika hadi kwenye shule za msingi za Uingereza, wakatambaa sakafuni katikati ya watoto waliopiga magoti.

Afrika Mashariki nayo haikulala yote. Mwaka 1983 Aga Khan Academy ya Nairobi ilianza mradi wa kompyuta katika elimu chini ya ufadhili wa Wakfu wa Aga Khan, ukapanuka kwenda shule nyingine chache za Kenya, na mwaka 1990 Bernard Makau akatoa kitabu kizima kuuchambua. Ulikuwa mradi wa shule za kuhesabu kwa vidole, lakini ndani yake kulikuwa na wanafunzi Waafrika walioanza kubonyeza miaka miwili tu baada ya wenzao wa Uingereza. Tanzania ilisubiri. Milango ya biashara ilifunguliwa baada ya 1985, marufuku ya 1974 ikalegezwa pole pole bila sherehe, na katikati ya miaka ya 1990 mtaala wa somo la kompyuta kwa sekondari ukaandikwa.

Mtaala ulitangulia, mashine zikafuata kwa kuchechemea. Katika shule nyingi kompyuta ya kwanza haikwenda darasani hata kidogo. Ilikwenda ofisi ya mkuu wa shule, ikachukua nafasi ya taipureta, na mtu wa kwanza kuijua alikuwa karani. Mwanafunzi aliyetaka kuiona alitafuta sababu ya kupeleka daftari ofisini, akapita pembeni ya meza akiiba jicho. Karani ndiye aliyejua namna ya kuokoa kazi umeme usije ukakatika, namna ya kubembeleza printa iliyomeza karatasi mbili kwa pamoja. Historia ya kompyuta katika shule zetu ikija kuandikwa vizuri, makarani wale, wengi wao kina mama waliojifunzia taipu vyuo vya uhazili, watastahili sura yao.

Sisi tuliosoma sekondari mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulikuta shule yetu imepata chumba cha kompyuta. Zilikuwa za msaada kutoka Ulaya, zimestaafishwa huko kwenye maofisi, nyingine bado zina stika ya namba ya mali ya ofisi iliyozitupa. Mlangoni ulivua viatu. Madirisha yalikuwa na nondo na mapazia mazito ya kuzuia vumbi, kila mashine imefunikwa kitambaa alichoshona fundi wa mtaani, na ufunguo wa kufuli ulikaa kwenye mfuko wa mwalimu mmoja. Akiugua, somo limekufa wiki ile.

Wiki za kwanza hatukugusa kitu. Tulinakili ubaoni. Kompyuta ni kifaa cha kielektroniki kinachopokea data, kuichakata, kuihifadhi na kutoa taarifa. Tuliikariri kwa Kiingereza kama ilivyo, nukta na mkato. Tulijua vizazi vya kompyuta tangu zile za taa za utupu. Tulimjua Charles Babbage. Kisha mwalimu akachora kibodi ubaoni, kitufe kwa kitufe, nasi tukaichora daftarini kwa rula na penseli, tukaambiwa tuweke vidole juu ya karatasi tufanye mazoezi: A, S, D, F kwa mkono wa kushoto. Nilipata alama nzuri kwenye jaribio la sehemu za kompyuta nikiwa sijawahi kuwasha hata moja. Wala sikuona ajabu. Kemia tulikuwa tunaisoma hivyohivyo.

Siku ya kuingia tulikaa watatu kwa kila mashine. Mmoja anashika mausi, mmoja kibodi, wa tatu anatazama na kutoa ushauri. Vioo vilikuwa vile vya zamani vyenye mgongo mrefu, na ukisogeza mkono karibu na kioo kilichotoka kuwashwa vinyweleo vinasimama vyenyewe. Mwalimu akasema kila mtu aandike jina lake. Tulizitafuta herufi moja moja, wale tuliokuwa tumefaulu jaribio la kibodi tukizitafuta kama wengine. Nikalimaliza langu, na mara mashine ikalipigia mstari mwekundu chini. Nikatazama majirani: mstari mwekundu, mstari mwekundu. Darasa zima lilikuwa limekosea majina yake. Aliyesalimika ni mwenzetu aliyeitwa Peter, na hadi tunamaliza kidato cha nne hakuacha kutukumbusha.

Halafu sauti kutoka nyuma:

"Mwalimu, hii imeganda."

"Nani kagusa?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Imeganda yenyewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Na hapo ndipo tofauti na watoto wa kobe ilipokaa. Kwa Papert swali lingekuwa uliiambia nini mpaka ikaganda. Kwetu lilikuwa nani kagusa. Simlaumu yule mwalimu. Mashine ikifa hakuna bajeti ya nyingine, fundi yuko mkoa mwingine, na barua ya maelezo ataiandika yeye. Alikuwa amekabidhiwa mali. Ila amana ile ilitufundisha jambo ambalo halikuwa kwenye mtaala: kwamba kubonyeza usichoelekezwa ni kosa la nidhamu. Nina rafiki zangu wa darasa lile, leo wana vyeo, ambao mpaka sasa ujumbe usiojulikana ukitokea kwenye kioo wanaondoa mikono yote miwili wanamwita kijana wa TEHAMA.

Kubonyeza tulijifunzia mtaani. Kafe za intaneti zilikuwa zimeota mijini, vyumba vyembamba vyenye mbao za kutenganisha wateja, shilingi 500 kwa saa pale tulipokuwa tunakwenda, na barua pepe moja ya Yahoo ilichukua muda kufunguka unaotosha kusema sala. Mwenye kafe hakujali umegusa nini, saa yake inatembea. Ukikwama anakuja kijana wa zamu, anabonyeza vitufe vitatu kwa mpigo, mashine inazima na kuwaka upya, anaondoka bila kukuuliza nani kagusa. Kwa maoni yangu vijana wale wa kafe, ambao hakuna wizara iliyowahi kuwaajiri, walifundisha kompyuta watu wengi kuliko waliofundishwa darasani. Somo lao kubwa lilikuwa hilo la vitufe vitatu: inaweza kuzimwa ikaanza upya, na dunia haijaisha.

Umeme nao ulikuwa na ratiba yake. Mwaka 2006, mabwawa yalipokauka na mgawo ukawa wa nchi nzima, vyumba vingi vya kompyuta vilikaa giza wakati wa masomo. Ndiyo miaka hiyohiyo virusi vilianza kusafiri kwa flashi kutoka kafe kwenda shule na kurudi. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ukafika Dar es Salaam na Mombasa kwa njia ya bahari, intaneti ikaacha kutegemea setilaiti ya bei mbaya, na kafe zenyewe zikaanza kufa kwa sababu ambayo nitaifikia.

Wakubwa walijaribu tena kwa mtoto wa shule ya msingi. Rwanda kuanzia 2008 ilichukua kompyuta ndogo za kijani na nyeupe za mradi wa Nicholas Negroponte, aliyekuwa amelibeba wazo la Papert hadi mwisho wake: kila mtoto na yake. Zilikusudiwa ziwe za dola 100, bei ikapita hapo, lakini Rwanda ilizigawa kwa maelfu kwa maelfu. Kenya waliahidiwa kompyuta za darasa la kwanza kwenye kampeni za 2013. Zabuni zikagombaniwa, na vilivyofika shuleni mwaka 2016 vilikuwa vishikwambi. Kabla ya kuvipokea, shule ilitakiwa iwe na chumba salama cha kuvihifadhi. Kufuli lilirudi, sasa kwa agizo rasmi. Tanzania nayo, baada ya Sensa ya 2022, vishikwambi vilivyohesabia watu viligawiwa walimu. Walimu, si wanafunzi; angalau safari hii mwalimu hatachora kibodi ubaoni.

Turudi Cambridge, kwa kuwa kisa hakijaisha kule. Wilson na Furber walipomaliza BBC Micro walitaka chipu bora ya mashine itakayofuata, wakaona zilizopo sokoni haziwaridhishi, wakabuni yao wenyewe. Ilifika kutoka kiwandani Aprili 1985, wakaiweka kwenye bodi, ikafanya kazi. Furber akaweka kipimo kuona inakula umeme kiasi gani, kipimo kikasoma sifuri. Kumbe umeme wa chipu ulikuwa haujaunganishwa kabisa. Ilikuwa inaendeshwa na ule mdogo unaovuja kupitia nyaya za data. Hawakuwa wamekusudia chipu ya kubana umeme kiasi hicho. Mwaka 1990 ikaundiwa kampuni yake, ARM, kwa ubia wa Acorn, Apple na VLSI. Kitu kinachokula umeme kidogo namna hiyo mahali pake ni kwenye betri, na kufikia mwisho wa muongo ule chipu ya ARM ilikuwa ndani ya Nokia 6110, simu ileile iliyotuletea mchezo wa nyoka.

Acorn yenyewe ilishakufa. Uzao wa kompyuta ya shule ndio uliobaki, na umezaana: ARM wanasema chipu za aina yao zilizouzwa zimevuka bilioni 250. Ziko kwenye Tecno na Infinix, kwenye Samsung ya mzazi na kiswaswadu cha bibi. Ndizo zilizoua kafe. Na simu, katika sekondari zetu, ni marufuku. Oktoba 2019 wilayani Chunya mkuu wa mkoa wa Mbeya aliwachapa viboko wanafunzi waliotuhumiwa kukutwa na simu na kuchoma mabweni yao. Sheria ina sababu zake, kama ya 1974 ilivyokuwa na zake: picha chafu, wizi wa mitihani, usiku usio na usingizi. Mwalimu wa zamu anapofanya msako bwenini anajua anachokitafuta na mahali kinapofichwa: ndani ya mche wa sabuni uliochongwa, chini ya unga kwenye ndoo, ndani ya kamusi iliyokatwa kurasa katikati. Asubuhi paredi inapigwa, simu zinamwagwa mezani mbele ya shule nzima, na mita chache kutoka pale kuna chumba chenye nondo na mapazia mazito. Mwalimu mwenye ufunguo kahamishwa tangu muhula uliopita.